Barua ya Wazi kwa World Rugby: Kazi ya Forwadi Ina Mwanzo, Mwisho Wake Hauna Mwenyewe

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Baraza,
World Rugby,
Dublin, Ayalandi.

Waheshimiwa,

KUH: MASHARTI YA KAZI NA MAISHA YA BAADAYE YA MAFORWADI WA RAGA YA KULIPWA

Ninawaandikia kwa heshima nikiwa kocha wa maforwadi jijini Nairobi, mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha vijana namna ya kuingiza kichwa na mabega katika skramu na kutoka humo wakiwa wazima. Baadhi ya vijana hao hupata mikataba ya kucheza ng'ambo. Kabla ya kuandika hadharani nilipitia njia za kawaida: nilizungumza na viongozi walio karibu nami, nikaandikia ofisi ambazo sitazitaja hapa, nikajibiwa kwa adabu kwamba hoja zangu zimepokelewa na zitafikishwa panapohusika. Tangu hapo kimya. Kwa kuwa mambo ninayoyalalamikia yamo katika kanuni zenu wenyewe, au yamekosekana humo, nimeona heri niyaseme mahali ambapo wazazi wa vijana hao nao watayasoma.

Kwa wazazi hao, ambao wengi wanaijua zaidi raga ya wachezaji saba, nieleze kwa ufupi. Katika raga ya wachezaji 15, maforwadi ni wale wanane wanaovaa jezi namba 1 hadi 8: mapropu wawili na huka katikati yao, ambao ndio mstari wa mbele, maloki wawili, maflanka wawili na namba nane. Hao ndio wanaosukumana katika skramu, wanane kwa wanane, wanaogombea mpira katika lainauti unaporushwa kutoka pembeni, na wanaorundikana katika ruki kila mtu anapoangushwa chini. Wanane wa timu ya kimataifa huwa na uzito wa takribani kilo 900 kwa jumla, na propu wa namba 3 huingiza kichwa chake katikati ya wapinzani wawili, kwa hiyo msukumo huo humfikia kwenye mabega yote mawili na kwenye shingo. Winga, mchezaji wa nyuma anayekimbia pembeni, anaweza kumaliza mechi na jezi safi. Flanka anayeifanya kazi yake sawasawa huangusha watu zaidi ya kumi katika mechi moja, na wengi wa hao wana kilo mia moja au zaidi.

Mchezo huu uligeuka ajira kwa tamko la siku moja. Tarehe 26 Agosti 1995, mjini Paris, waliowatangulia walitangaza kwamba mchezaji anaweza kulipwa. Baada ya hapo miili ilibadilika haraka, maana mtu aliyekuwa akienda ofisini asubuhi sasa alikwenda kunyanyua vyuma. Kanuni za kumlinda mfanyakazi huyo mpya zilikuja polepole, moja moja, na nyingi zilikuja baada ya watu kuumia. Malalamiko yangu yote yanatoka katika pengo hilo.

1. Muda wa kupumzika baada ya mtikisiko wa ubongo

Zamani kanuni yenu ilimtaka mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo akae nje majuma matatu, isipokuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu amruhusu kurudi mapema. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2011. Mwaka 2012 mkaanza kujaribu kipimo cha dakika 5 kando ya uwanja, na Dkt. Barry O'Driscoll, mshauri wenu wa tiba ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea Ayalandi, akajiuzulu kwa sababu hakuamini kwamba ubongo wa mtu unaweza kuchunguzwa kwa muda huo mfupi. Baadaye kipimo kikaongezwa hadi dakika 10, kisha 12. Mwaka 2022 mkaamua kwamba wachezaji wa ngazi ya juu wenye historia ya mitikisiko wakae nje siku 12 kwa uchache. Hizo ni hatua, na ninawashukuru kwazo.

Lakini tazameni hatua hizo zimetufikisha wapi. Mchezaji wa ridhaa, anayecheza Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, mwongozo wenu unamtaka asirudi mechini kabla ya siku ya 21. Mchezaji wa kulipwa asiye na historia ya mitikisiko anaweza kurudi baada ya wiki moja akifaulu vipimo. Yaani yule anayegongwa mara chache zaidi, na watu wepesi zaidi, ndiye anayepewa muda mrefu wa kupona, ilhali anayegongwa kila wiki na watu waliojengwa kwa kazi hiyo anapewa theluthi ya muda huo. Sababu inayotolewa ni kwamba mchezaji wa kulipwa ana madaktari karibu naye. Ni kweli anao, na pengine wana vifaa bora kuliko hospitali nyingi za miji yetu; hata hivyo daktari hupima dalili, hana dawa ya kuuharakisha ubongo upone. Tena daktari wa timu huajiriwa na watu walewale wanaomhitaji propu huyo Jumamosi ijayo, na mchezaji mwenyewe ana mkataba unaoisha mwezi Juni na kijana wa miaka 21 anayeinyemelea jezi yake. Nimewajua maforwadi waliojitahidi kukariri maswali ya vipimo ili wasikamatwe. Siwalaumu. Aliyepanga kwamba riziki ya mtu itegemee jibu lake mwenyewe kuhusu kichwa chake ndiye anayepaswa kuulizwa.

2. Mazoezi yasiyo na kikomo cha lazima

Steve Thompson alikuwa huka wa Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 22 Novemba 2003 mjini Sydney, walipoishinda Australia 20-17 katika muda wa nyongeza. Mwezi Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 42, alitangaza kwamba amepatikana na dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kulishinda kombe hilo. Dunia ilishtushwa na habari ya kombe lililosahaulika. Mimi nikiwa kocha nilishtuka zaidi niliposikia anavyoyalaumu mazoezi, zile skramu za katikati ya wiki zilizorudiwa na kurudiwa, ambazo hakuna mtazamaji aliyelipa kiingilio kuziona na hakuna refa aliyekuwepo kuzisimamisha.

Mwaka 2021, mkishirikiana na chama cha kimataifa cha wachezaji, mlitoa mwongozo kwamba mazoezi ya kugongana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa wiki. Ni mwongozo mzuri na mimi huufuata na vijana wangu. Tatizo ni kwamba umebaki kuwa ushauri. Klabu inayouvunja haipotezi pointi hata moja, wala haitozwi faini, wala jina lake halitangazwi. Kocha anayeukaribia mwisho wa msimu akiwa hatarini kushuka daraja atapunguza vipi migongano kwa hiari yake, ilhali anajua mpinzani wake hapunguzi?

Tena hamwezi kusema kwamba mambo ya mazoezini hayapimiki. Tangu mwaka 2024 mmeziingiza kinga za meno zenye vihisi, yaani vifaa vya kupima nguvu ya kugongwa, katika utaratibu wa kuwachunguza wachezaji wakati wa mechi za ngazi ya juu. Kifaa hicho hakijui kama ni Jumanne au Jumamosi. Kinachokosekana ni kanuni ya kuilazimisha kila klabu ya kulipwa iwavalishe wachezaji kifaa hicho mazoezini, takwimu ziwe mali ya mchezaji mwenyewe, naye aondoke nazo anapohama.

3. Mwisho wa kazi usio na mwenyewe

Hapa ndipo penye uzito wa barua hii. Carl Hayman, propu wa namba 3 wa New Zealand, alicheza mechi 45 za kimataifa, kisha akahamia klabu ya Newcastle huko Uingereza na baadaye Toulon huko Ufaransa, ambako alishinda Kombe la Heineken la klabu za Ulaya mwaka 2013. Mwaka 2021 alieleza hadharani kwamba amepatikana na dimenshia akiwa na miaka 41. Alix Popham wa Wales alipewa habari kama hiyo akiwa na miaka 40. Ryan Jones, aliyekuwa nahodha wa Wales, naye aliitangaza habari yake akiwa na miaka 41. Wote walikuwa maforwadi, na wote walipata majibu hayo wakati ambapo hapakuwa na klabu iliyowahesabu kuwa wafanyakazi wake.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wachezaji 412 wa zamani wa timu ya taifa ya Scotland, ukakuta kwamba hatari yao ya kupata magonjwa ya kuharibika kwa ubongo ni takribani mara mbili na nusu ya ile ya watu wengine wa rika lao. Mwaka 2023 watafiti wa Boston na Glasgow walieleza matokeo ya kuchunguza bongo 31 za wachezaji wa raga waliofariki: 21 kati ya hizo zilikuwa na CTE, ule uharibifu wa ubongo unaohusishwa na vipigo vya kurudiarudia, na kila mwaka wa ziada wa kucheza uliongeza uwezekano wa kuupata kwa takribani asilimia 14.

Haki inanilazimu niseme pia kwamba tafiti hizo hazikuona tofauti kati ya maforwadi na wachezaji wa nyuma. Kwa hiyo ninayowaombea maforwadi yawafae na wenzao. Lakini soma tena ile habari ya miaka ya kucheza. Katika mchezo wetu ni desturi kusema kwamba winga huisha akifika miaka 30, ilhali propu ndiyo kwanza hukomaa. Tunamsifu kwa uvumilivu, tunampa mkataba mwingine, na mwingine tena, hadi shingo imsaliti. Forwadi wa mstari wa mbele ndiye tunayemshawishi arefushe kile hasa ambacho utafiti unasema kinahesabika.

Mamia ya wachezaji wa zamani wamewashtaki ninyi pamoja na mashirikisho ya Uingereza na Wales. Sitaingilia kesi hiyo, mahakama zina kazi yake. Ninachokiona kutoka huku mbali ni kwamba mtu huenda mahakamani akiwa amekosa mlango mwingine wa kubisha. Huduma ya afya ya ubongo mliyoianzisha kwa wachezaji wa zamani ilianzia Australia, nchi ambayo mchezaji wake angeweza kumpata daktari bingwa hata bila ninyi. Forwadi aliyetoka Apia kule Samoa, Nuku'alofa kule Tonga, Bulawayo au Kakamega, akatumia miaka yake ya nguvu katika madaraja ya chini ya Ufaransa kisha akarudi kwao, ataipata wapi huduma hiyo?

4. Mikataba

Kati ya Septemba 2022 na Juni 2023 klabu tatu za ligi kuu ya Uingereza zilianguka kifedha: Worcester, Wasps na London Irish. Wasps peke yake iliwaachisha kazi wachezaji na wafanyakazi 167 kwa siku moja. Hao walikuwa katika mojawapo ya ligi tajiri kabisa za raga. Walio chini yao hawaandikwi magazetini.

Kijana mmoja niliyemfundisha alisaini mkataba ng'ambo kupitia wakala, ukiwa umeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Aliumia shingo kabla ya msimu kwisha. Klabu ilimlipa hadi mwisho wa mwezi, ikamkatia tikiti ya kurudi nyumbani, na kumkabidhi bahasha yenye picha za eksirei. Gharama za matibabu zilizofuata zilichangwa na jamaa zake na wachezaji wenzake wa hapa. Klabu siitaji, kwa maana ninavyosikia kutoka kwa makocha wenzangu wa ukanda huu, zinazofanya hivyo ni nyingi, na kuitaja moja ni kuionea.

Mfano mzuri upo, na ni haki niutaje. Tendai Mtawarira alitoka Zimbabwe akiwa flanka, akageuzwa propu mjini Durban, akaichezea Afrika Kusini mechi 117 na kuaga timu ya taifa akiwa bingwa wa dunia wa mwaka 2019. Vijana wangu wote wanalijua jina lake. Mwezi Julai 2025 jijini Kampala Zimbabwe waliishinda Namibia 30-28 katika fainali ya Kombe la Afrika na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991, na baada ya hapo simu za mawakala zimezidi kulia. Yule anayemtaja Mtawarira kwa mzazi wa kijana wa miaka 19 hamwambii habari za waliopanda ndege hiyohiyo wakarudi na bahasha.

5. Wachezaji wa akiba

Hili nitalipitia upesi. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 huko Saint-Denis, karibu na Paris, Afrika Kusini waliweka maforwadi saba kati ya wachezaji wanane wa akiba, wakawashinda New Zealand 12-11. Nilishangilia kama Mwafrika yeyote. Lakini kocha aliyemo ndani yangu aliuliza inakuwaje mtu aliyechoka kwa dakika 55 akabiliane na mtu wa kilo 120 aliyeingia sasa hivi. Sisemi pigeni marufuku. Ninasema lichunguzeni kwa takwimu za vihisi mlivyo navyo, na matokeo myatangaze, kabla mtindo huo haujashuka hadi shuleni.

Ninajua majibu yanayotolewa kwa hoja kama hizi. Mtasema sayansi haijakamilika, na kwamba bongo 31 zilitolewa na familia zilizokwisha kuwa na shaka, kwa hiyo haziwakilishi wachezaji wote. Ni kweli, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini mlipoigeuza raga kuwa ajira mwaka 1995 hamkusubiri utafiti wowote wa kuonyesha kwamba ni salama.

Mtasema mchezaji alichagua mwenyewe na analipwa. Mwenyekiti wenu aliyemaliza muda wake mwaka 2024, Sir Bill Beaumont, alikuwa loki na nahodha wa Uingereza, na mwaka 1982 aliacha kucheza kwa ushauri wa madaktari baada ya majeraha ya kichwa. Ulikuwa uamuzi wa busara, na aliweza kuufanya kwa kuwa wakati huo raga haikuwa ndiyo mshahara wake. Forwadi wa leo mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni hushauriwa vivyo hivyo, ila kwake kuufuata ushauri ni kufutwa kazi. Dkt. Brett Robinson, aliyechukua kiti hicho, alikuwa flanka wa Australia. Siandikii watu wasioijua skramu.

Jibu la tatu ndilo ninalolitarajia zaidi: kwamba mwajiri ni klabu, msimamizi ni shirikisho la nchi, na ninyi hamna mamlaka juu ya mikataba. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Kanuni yenu ya 9 inazilazimisha klabu kuwaachilia wachezaji waende timu za taifa katika vipindi mlivyovipanga ninyi, hata klabu ikiwa katikati ya ligi yake na hata kama ndiyo inayolipa mshahara. Kanuni ya 8 inaamua mtu ataichezea nchi gani, na mliibadilisha kuanzia Januari 2022 kwa kupiga kura mara moja tu. Mwaka 2013 mlibadilisha namna skramu zinavyokutana, mapropu wakatakiwa kushikana kwanza kabla ya kusukumana, na dunia nzima ikafuata, kuanzia Cardiff hadi barabara ya Ngong hapa kwetu. Mamlaka yapo. Yanatumika pale mnapomhitaji mchezaji.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo.

Kwanza, muda wa chini wa kupumzika baada ya mtikisiko wa ubongo uwe siku 21 kwa mchezaji wa kulipwa kama ulivyo kwa wa ridhaa, na mshahara wake usikatwe katika siku hizo.

Pili, kikomo cha dakika 15 za kugongana mazoezini kiwe kanuni yenye adhabu, kikaguliwe kwa vihisi, na takwimu zikabidhiwe mchezaji.

Tatu, klabu isiruhusiwe kumsajili mchezaji kutoka shirikisho la nchi nyingine bila mkataba wa lugha anayoielewa na bima ya matibabu inayoendelea kwa miaka kadhaa baada ya mkataba kwisha. Mnao utaratibu wa kibali ambao mchezaji hawezi kuhama nchi bila huo. Liongezeni sharti hili humo humo.

Nne, mapato ya Kombe la Dunia yatengewe fungu la kudumu la uchunguzi wa ubongo na uti wa mgongo wa wachezaji wa zamani, nao wahudumiwe katika nchi wanazoishi, zikiwemo za Afrika na visiwa vya Pasifiki.

Kombe la Dunia litaanza Australia mwezi Oktoba 2027 likiwa na timu 24 kwa mara ya kwanza. Hilo maana yake ni maforwadi wengi zaidi kutoka nchi zisizo na pesa. Ninaomba mambo ya kwanza mawili yapitishwe kabla ya mashindano hayo, na mawili yaliyobaki yawe na tarehe inayojulikana. Jibu lenu, lolote litakalokuwa, ninaomba mlitoe hadharani vilevile.

Wenu mtiifu,

Kocha wa maforwadi,
Nairobi, Kenya.